Mlango Ambao Bi Jalada Hakuufungua

Kazi yenyewe, kwa maelezo niliyopewa kwenye simu, ilikuwa ndogo. Wasifu wa marehemu wa kurasa mbili, usomwe ukumbini kwa dakika zisizozidi kumi, uwe tayari baada ya siku nne. Marehemu alikuwa naibu msajili mstaafu wa chuo kikuu. Nilianza kazi chini yake nikiwa karani wa masjala nisiyejua hata kuandika namba ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, ndiyo maana simu ilinifikia mimi. Alikitumikia chuo kile zaidi ya miaka 30, akastaafu, akakaa kimya nyumbani kwake miaka kadhaa, kisha akafariki. Jina lake silitaji, wala la chuo. Familia iliniruhusu kusimulia kisa hiki kwa sharti hilo. Wanafunzi walimwita Bi Jalada. Yeye alijua, na wala hakuchukia.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu watu wengi hujikuta wamepewa kalamu wamwandikie mtu wa ofisini, na wengi wetu tunaishia palepale: mchapakazi, mwadilifu, mcheshi, ameacha pengo lisilozibika. Maneno hayo anavikwa yeyote na yanamtosha, kama joho la kuazima. Tena nina aibu yangu binafsi ya kuitoa. Ilibaki siku moja tu nisimame mbele ya ukumbi uliojaa nisome uongo. Ulikuwa mtamu, ulipendwa na kila mtu, na walionisimulia walikuwa na nia njema kabisa.

Nilichokuwa nacho mezani

Jalada lake la utumishi lilikuwa jembamba kuliko nilivyotegemea. Barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, fomu za likizo, hati ya kustaafu. Katikati yake kulikuwa na barua moja iliyonifanya niweke kalamu chini: alitakiwa ajieleze kwa nini amechelewesha matokeo ya kitivo kizima. Majibu yake yalikuwa mistari mitatu. Karatasi za matokeo hazikuwa na saini ya mtahini wa nje. Alizirudisha zikasainiwe. Zimeletwa leo asubuhi zikiwa na saini, na matokeo yametoka leo asubuhi. Hakuna "naomba radhi", hakuna "kwa unyenyekevu mkubwa". Pambizoni mtu ameandika kwa wino mwekundu "Imeonekana", na folio inayofuata ni fomu ya likizo.

Kwa asiyezijua taratibu hizi, mtahini wa nje ni mhadhiri wa chuo kingine anayeitwa kupitia maswali na majibu ya watahiniwa ili chuo kisijisahihishie chenyewe. Saini yake ndiyo inayoipa shahada uzito mbele ya vyuo vingine na waajiri. Aliyesoma ile barua bila kujua hilo angemwona Bi Jalada mkaidi tu, na nadhani aliyeiandika alimwona hivyo.

Ugumu wa kumwandikia mtu wa utawala unaanzia hapo. Mhadhiri akifa ameacha vitabu, makala, na wanafunzi aliowasimamia tasnifu. Mwandishi wa wasifu wake kazi yake ni kuhesabu. Msajili anaacha mambo ambayo hayakutokea. Mitihani ambayo haikuvuja. Vyeti ambavyo havikukosewa herufi. Mwanafunzi ambaye hakufika mwaka wa mwisho ndipo aambiwe kuna somo la lazima hakulisoma tangu mwaka wa kwanza. Nani amewahi kuandika barua ya shukrani kwamba jina lake kwenye cheti lilikuwa sahihi?

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, aliandika kwamba mtendaji bora wa ofisi hufanya kazi yake bila hasira wala upendeleo, na kila anayefika mbele ya meza yake anamtazama kwa kanuni ileile. Maelezo hayo yalichapishwa 1922, yeye akiwa ameshazikwa, na mpaka leo yanafundishwa kama msingi wa kuuelewa urasimu. Nilikuwa nayakumbuka wakati nasoma jumbe za rambirambi za waliosoma pale, ambazo zilikuwa zimeshapita sitini. Karibu zote zilikuwa za mapenzi. Sasa mtu wa aina ya Weber anapendwaje? Anapendwa kwa kuifuata kanuni, au kwa siku ile moja aliyoivunja?

Jumbe zilikuwa na jibu lao tayari.

Hadithi ya mlango

Kwa kifupi hadithi ilikuwa hivi. Asubuhi ya mtihani wa mwisho, mwanafunzi asiye na uwezo anazuiwa mlangoni kwa kuwa hajamaliza ada. Analia. Bi Jalada anapita, anauliza kuna nini, anaambiwa. Anamtazama msimamizi na kusema, "Huyu ni mwanangu, ataingia." Anaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi anafaulu, na leo ni mtu mzito huko aliko.

Jumbe nyingi ziliitaja. Profesa mmoja mstaafu, mtu mwenye sauti na heshima yake, alikuwa ameisimulia kwenye mahafali zaidi ya mara moja, na ndiye aliyenipigia kunikumbusha: "Kijana, usisahau ule mlango." Nikauweka katikati ya ukurasa wa kwanza. Niliandika vizuri, nikiri. Nilimfanya mwanafunzi ashike kalamu mbili.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba wasimulizi hawakukubaliana juu ya lolote isipokuwa mlango. Kwa huyu mwanafunzi alikuwa msichana wa udaktari, kwa yule mvulana wa sheria. Wengine walisema Bi Jalada alitoa ada yote kwenye mkoba wake. Mmoja alisema mvua ilikuwa inanyesha. Na sikupata hata ujumbe mmoja uliosema "mwanafunzi yule ni mimi". Kwa hadithi inayoisha na mtu aliyefanikiwa, huyo mtu alikuwa kimya mno.

Mambo haya si mageni kwa wanaochunguza kumbukumbu. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliwapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini yenye mizimu na vita, akawataka waisimulie tena baada ya muda. Katika matokeo aliyoyachapisha 1932, mitumbwi ilikuwa imegeuka mashua, na uwindaji wa sili, mnyama wa baharini, umekuwa uvuvi wa samaki. Kila msimulizi aliitoa ngano ilikotoka akaileta alipokuwa yeye, bila kukusudia kudanganya. Mwanafunzi anakijua nini cha ofisi ya msajili? Anaujua mlango. Leja haijui, muhtasari wa kikao haujui. Kwa hiyo wema wowote uliotoka katika ofisi ile ungeishia kusimuliwa kama mlango uliofunguliwa.

Lakini hizo ni busara za baadaye. Siku ile aliyeniamsha ni binti wa marehemu, nilipomsomea rasimu kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, ufunguo wa chumba cha mtihani mama aliupata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi pale. Funguo za vyumba vya mitihani zilikaa kwa ofisa mitihani, kwenye kasha lenye daftari la kusaini. Bi Jalada ndiye aliyeagiza liwekwe lile daftari.

Kilichotokea

Nilikwenda kwa aliyekuwa karani mkuu wa masjala, ambaye sote tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka. Nilipomwambia habari ya mlango alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaninyooshea kidole. "Jambo lipo. Ila hamkulipata ninyi."

Orodha ya waliozuiwa mtihani kwa sababu ya ada ilibandikwa jioni, mitihani ikianza kesho yake asubuhi. Kijana mmoja akaja ofisini kwa Bi Jalada. Hakuwa analia, alikuwa amefura kwa hasira. Mkononi ana barua ya mfadhili na nakala ya hati ya malipo: ada imelipwa, tena mapema. Idara ya uhasibu ilikuwa imeshamjibu kwamba kwenye vitabu vyao hakuna kitu. Bi Jalada alisoma zile karatasi, akamwambia, "Kaa hapo," akaagiza aletewe leja na taarifa ya benki.

Mfadhili alikuwa amelipa kwa mkupuo, fungu moja kwa wanafunzi wengi, akiambatanisha orodha ya majina na namba za usajili. Mzee na karani mwenzake walianza kufanya ambalo mtu yeyote angelifanya, kulitafuta jina la kijana ukurasa kwa ukurasa. Bi Jalada akawazuia. Mzee alilirudia neno lake mara mbili ili niliandike sawasawa: "Msimtafute aliyepungukiwa, hao ni wengi. Mtafuteni aliyezidishiwa."

Ni wazo la mtu aliyeishi na vitabu vya hesabu. Fedha iliyoingia benki haipotei. Kama haipo mahali pake, ipo mahali pasipo pake, na huko itaonekana kama ziada. Waliozidishiwa walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kabla ya saa mbili usiku walimpata: mwanafunzi wa kitivo kingine ambaye leja ilimwonyesha amelipa ada mara mbili. Namba yake ya usajili na ya kijana zilifanana, ila tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Aliyeandika orodha alikuwa ametanguliza ya nyuma.

(Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba lina dawa yake. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alipewa hataza mwaka 1960 kwa njia ya kuongeza tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni mwa namba. Ukikosea tarakimu yoyote moja, hesabu inakataa. Ukibadilisha nafasi za mbili zinazofuatana inakataa pia, isipokuwa zikiwa 0 na 9. Kadi za benki zinaitumia mpaka leo. Namba nyingi za usajili wa wanafunzi hazina kinga ya namna hiyo, na sijui kwa nini vyuo haviioni aibu.)

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo wasimulizi wote waliporuka. Saa mbili usiku Bi Jalada alijua kwa hakika kwamba kijana amelipa. Mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi. Kuihamisha fedha kwenye leja kulihitaji saini ya mkuu wa uhasibu, na mkuu wa uhasibu hakupatikana usiku ule wala asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Bi Jalada hakumruhusu kijana aingie. Alimwambia arudi alale, asubuhi aje ofisini, asiende kwenye chumba cha mtihani. Kijana akaukosa mtihani wa kwanza huku Bi Jalada akijua hana deni.

Nilimuuliza Mzee kama hakuona ukatili. Akasema wakati ule aliuona, na walibishana. Jibu la Bi Jalada lilikuwa kwamba mtahiniwa anayefanya mtihani jina lake likiwa kwenye orodha ya waliozuiwa, karatasi yake yaweza kufutwa na mtu yeyote mwenye kinyongo, hata baada ya miaka. "Nikimwingiza leo kwa huruma yangu, kesho atatolewa kwa kanuni yao." Mchana huohuo, saini ikiwa imepatikana, alipeleka karatasi zote kwa mwenyekiti wa kamati ya mitihani. Kijana akapangiwa mtihani maalumu, akaufanya kabla ya kipindi cha mitihani kwisha, na matokeo yake yakatoka pamoja na ya wenzake.

Kesho yake nilikwenda kutafuta ushahidi wa maandishi. Muhtasari wa kikao upo: kamati iliridhia mtihani maalumu kwa mtahiniwa mmoja kutokana na hitilafu katika kumbukumbu za malipo. Mstari mmoja na nusu. Ila kwenye kikao kilichofuata kuna ajenda iliyoletwa na ofisi ya naibu msajili, na hiyo imekula karibu ukurasa mzima: orodha ya waliozuiwa ibandikwe wiki moja kabla ya mitihani, na kabla ya kubandikwa masjala na uhasibu wakae pamoja walinganishe vitabu. Ilipitishwa. Kwa muda wote niliofanya kazi pale, hivyo ndivyo tulivyofanya, na sikuwahi kujiuliza nani alianzisha.

Kuhusu uamuzi wake wa ile asubuhi, sijafika mwisho. Naielewa hoja yake, na kama mtu wa masjala naona ilikuwa sahihi: mtihani maalumu uliompa haki isiyoguswa ulikuwa bora kuliko kiti alichoingia kwa mlango wa nyuma. Ila nawaza pia usiku ule ulivyokuwa kwa kijana. Hakukuwa na makamu mkuu wa chuo wa kupigiwa simu? Mzee alisema hilo hakulikumbuka kama liliulizwa.

Mtu wa pili kwenye orodha

Orodha ile haikuwa na jina moja. Nilipokuwa naondoka Mzee akasema, kama anayeongeza jambo dogo, "Kulikuwa na mwingine siku ileile. Yule alikataliwa kabisa."

Nikazirudia jumbe. Alikuwepo. Nilikuwa nimempita kwa sababu hakutaja mlango, na pengine kwa sababu ujumbe wake haukupendeza kwenye wasifu. Ulikuwa mfupi: "Mimi alinikatalia. Alinikatalia hapohapo, hakuniambia njoo kesho. Kisha akaniandikisha barua ya kuahirisha masomo, nikaisaini mezani kwake. Bila barua ile nisingehitimu."

Wasiojua watauliza barua inabadilisha nini. Mwanafunzi asiyetokea kwenye mtihani bila taarifa huandikiwa hakufanya, na kutofanya kunahesabiwa kufeli. Akikosa masomo ya kutosha anaondolewa masomoni. Anadisko, kwa lugha yao. Aliyeahirisha kwa barua iliyopokelewa kabla ya mtihani kuanza nafasi yake inahifadhiwa. Wote wawili wameukosa mtihani uleule kwa umaskini uleule. Kinachowatenganisha ni karatasi moja yenye muhuri wa tarehe, na tarehe hiyo haikubali kurudishwa nyuma. Ingekuwa amemwambia njoo kesho, kesho ingekuwa imechelewa.

Nilimpigia simu. Alipoteza mwaka mzima, akaenda kutafuta fedha, akarudi, akamaliza. Nikamuuliza swali la kijinga, kwamba mtu aliyekukatalia umemwandikia salamu za rambirambi kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe umewahi kukataliwa na mtu anayekutazama usoni?"

Michael Lipsky, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alieleza mwaka 1980 kwamba kwa mwananchi wa kawaida sera si ile iliyoandikwa huko juu. Sera ni kile anachofanyiwa na ofisa wa mbele ya kaunta. Alieleza pia jinsi ofisi zinavyowalipisha watu kwa muda wao: foleni, njoo kesho, faili halijarudi. Aliyewahi kupita ofisi yoyote anazijua gharama hizo. Bi Jalada alisema "hapana" nyingi kuliko "ndiyo", wote tuliokuwa pale tunajua. Ila hakumtoza mtu siku tatu ili amwambie hapana, wala hakumwacha aondoke bila kumwonyesha njia iliyobaki wazi. Nikapata jibu la swali langu la Weber kwa mtu ambaye nilikuwa nimemruka.

Ubishi wa kamati

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa watu watano wa kamati ya maombolezo, binti wa marehemu akiwa kwenye simu. Nilisoma rasimu mpya. Profesa mstaafu alinisikiliza huku amefumba macho.

"Kijana," akasema, "watu wanakuja kuomboleza. Hawaji kukagua hesabu."

Hoja yake haikuwa nyepesi. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anamweka Pericles, kiongozi wa Athens, akianza hotuba ya mazishi ya wanajeshi wa Athens kwa kulalamika kwamba kazi hiyo haiwezekani: aliyewajua marehemu ataona yamesemwa machache, asiyewajua ataona yametiwa chumvi. Ukumbi wetu ungekuwa hivyohivyo, viti vya mbele waliofanya naye kazi, nyuma wanafunzi vijana ambao hawakuwahi kumwona. Profesa aliamini mlango ungewafikia wote wawili kwa mara moja. Mtihani maalumu nani ataulilia?

Mjumbe aliyeiwakilisha ofisi ya makamu mkuu wa chuo alikuwa na hofu nyingine. Kusema fedha ziliingizwa pasipo pake ni kuinyooshea kidole idara, na waliokuwa uhasibu enzi hizo wengine wangekuwa ukumbini. Hiyo niliiona haki kabisa. Wasifu wa marehemu si mahali pa kuwashtaki walio hai. Tukakubaliana kwamba idara isitajwe. Kwa kweli mkosaji wa kwanza alikuwa mwandishi wa orodha ya mfadhili, lakini hata huyo tulimwacha apite.

Lililobaki ni mlango wenyewe. Pendekezo la suluhu lililetwa: tusiuseme wala tusiukanushe. Niseme tu "wengi mnakumbuka jinsi alivyowasaidia wanafunzi wakati wa mitihani", kila mtu ajaze mwenyewe. Lilinivutia, maana lingenitoa kwenye ubishi. Lakini lilikuwa baya kuliko uongo wa kwanza, kwa sababu lingetumia uongo bila kuubeba. Binti ndiye aliyelimaliza. "Shikamoo profesa," alianza, akaitikiwa. "Mkisema aliufungua, mama atakuwa wa kwanza kuuliza daftari la funguo lilisainiwa na nani." Watu wakacheka, na profesa akacheka nao, ingawa si sana.

Sehemu ya mwisho ya rasimu ikabaki hivi:

"Ipo hadithi kwamba alimfungulia mwanafunzi mlango wa mtihani. Mlango hakuufungua. Alikaa na vitabu mpaka usiku akaipata ada ya kijana yule, kisha akampatia mtihani ambao hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya. Siku hiyohiyo alimkatalia mwingine, akamwonyesha namna ya kurudi, na yule akarudi."

Yule wa pili niliomba ruhusa yake kwa sentensi ile. Alikubali, jina lisitajwe. Nilimwalika, akasema hatafika. Sikumuuliza sababu.

Nililoliacha nje

Kuna jambo moja nililolikata, na sasa naona sikupaswa. Miaka yake ya mwisho kumbukumbu zilihamia kwenye kompyuta. Bi Jalada hakuukubali mfumo. Aliagiza kila matokeo yanayoingizwa yachapishwe, yasainiwe, yawekwe pia kwenye jalada la karatasi, na nakala ya matokeo ya mwanafunzi isitoke mpaka viwili hivyo vimelinganishwa. Ulinganisho ukawa mlima. Kuna waliomaliza masomo wakakosa nafasi za kazi kwa kusubiri karatasi moja. Walikuja pale kaunta, na mara hii ofisi yetu ndiyo iliyosema njoo kesho, wiki baada ya wiki.

Kwenye kamati nililitaja nusu nusu na mtu akanikata kwa msemo kwamba marehemu hasemwi. Nikafuta. Nilijiambia dakika kumi hazitoshi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshatumia ujasiri wangu wote kwenye mlango. Kosa lake lilitoka chungu kimoja na sifa yake: mtu aliyeiona namba moja ikimkosesha kijana mtihani hawezi kuliamini kirahisi sanduku linalosema "imehifadhiwa". Lingeelezwa hivyo, waliosubiri karatasi zao wangejisikia nao wamekumbukwa ukumbini. Baadhi yao walikuwepo. Niliwaona.

Siku yenyewe

Nilisoma kwa dakika nane. Kwenye barua ya kujieleza watu walicheka, jambo ambalo sikulitarajia; waliomjua walimsikia sauti yake kwenye ile mistari mitatu. Nilipofika "mlango hakuufungua" ukumbi ulitulia kwa namna ambayo iliniogopesha, nikaendelea bila kuinua macho. Sikusikia kilio. Baadaye mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata kuniuliza barua ya kuahirisha masomo inapokelewa dirisha gani, na mwisho wake ni lini. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi.

Profesa mstaafu alinishika mkono kwa nguvu, akasema nimesoma vizuri, na ya mlango hakuigusa. Nasikia bado anaisimulia.

Mzee alikuja wa mwisho, akiwa na nakala yake iliyochapwa ameikunja mara nne. Aliikunjua mbele yangu. "Umeandika alikaa na vitabu mpaka usiku. Tulikaa. Tulikuwa watatu, na yule mwenzangu ndiye aliyeziona zile tarakimu." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikuuliza.

Nakala zilikuwa zimeshagawiwa, watu wameshaondoka nazo. Niliichukua ile ya masjala, ambayo ingeingia kwenye jalada lake kama folio ya mwisho. Nikafuta "alikaa" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "walikaa watatu", nikatia saini pembeni na tarehe.